Pierre Curie, mtu wa kristali na sumaku



Safari hii tumechagua maisha ya Pierre Curie. Tunajua wengine watasema kwamba habari zake wamekwisha kuzisikia: radiumu, uraniumu, zawadi ya Nobel, na bibi yake Marie ambaye sifa zake zilipita za bwana. Hayo ni kweli, nasi tutayagusa. Lakini tumeona kwamba watu wakitaja jina hili wanamkumbuka kwa miaka yake nane ya mwisho tu, na miaka yote ya mbele wanaitupa kama maganda ya mihogo. Kwetu sisi, ile miaka ya mbele njo yenye kutuhusu zaidi. Maana katika miaka ile aliuliza swali moja bila kuchoka: kitu kinageuka namna gani ukikikandamiza, na kinageuka namna gani ukikitia moto? Kwa mtu anayekaa Lubumbashi, mji uliojengwa kwa sababu ya mawe na tanuru, swali hilo si la kigeni.

Pierre Curie alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 15 ya mwezi wa tano, mwaka wa 1859. Baba yake Eugène alikuwa daktari, na mama yake aliitwa Sophie-Claire Depouilly. Watoto walikuwa wanaume wawili tu: Jacques, aliyezaliwa 1855, na Pierre mdogo wake. Hawakuwa watu wa feza nyingi.

Jambo la kushangaza ni kwamba Pierre hakukaa kwenye benchi la shule kama sisi. Wazazi wake waliona kwamba akili yake si ya haraka-haraka. Alikuwa mtoto wa kuingia ndani ya jambo moja na kukaa humo, na ukimtoa kwa nguvu ili umpeleke ku jambo lingine, alipotea. Basi walimfundisha nyumbani, kwanza mama, kisha baba, kisha yaya wake Jacques. Alipofika miaka 14 walimpatia mwalimu wa hesabu, na huyo alimfungua kabisa. Kwa miaka 16 alipata diploma ya kumaliza masomo ya sekondari. Kwa miaka 18 alikwisha kupata lisansi ya fizike. Sisi finalisti, wenye miaka 18 na tunaongojea Exetat, tuliposoma jambo hilo tulinyamaza kidogo. Tena, tafadhali, mtu asichukue mfano huu wa kukaa nyumbani akaupeleka kwa Bwana Prefe. Wazazi wa Pierre walimfundisha kila siku, hawakumwacha acheze mu barabara.

Yako jambo moja la utoto wake ambalo hatupendi kuliruka. Mwaka wa 1871 watu wa Paris walipigana na serikali yao wenyewe, na damu ilimwagika mingi. Daktari Curie alifanya nyumba yake kuwa mahali pa kutunza majeruhi, na watoto wake wawili walisaidia kutafuta watu waliopigwa risasi na kuwaleta. Pierre alikuwa na miaka 12 hivi. Sisi wa Katanga hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka wa 1878, akiwa na miaka 19, alipata kazi ya kutayarisha vyombo vya masomo ku chuo kikuu cha Sorbonne. Jacques naye alikuwa na kazi ya namna ile ile mu laboratwari nyingine, ile ya mawe. Mmoja wa fizike, mwingine wa mawe, ndugu wa tumbo moja. Wakaanza kutumika pamoja.

Watu walikuwa wamejua tangu zamani kwamba jiwe linaloitwa turmalini, ukilipasha moto, linavuta majivu na vumbi. Maana yake moto unalitia umeme upande huu na upande ule. Wengi waliona hayo kama mchezo tu. Wale ndugu wawili wakafikiri hivi: jiwe likipata moto linapanuka, na likipoa linajikunja. Kama kupanuka na kujikunja njo kunaleta umeme, basi tusihangaike na moto, tulikandamize tu. Mwaka wa 1880 wakalikandamiza, na umeme ukatoka. Wakajaribu kwarsi, topazi, hata kristali za sukari ya miwa, zote zikajibu. Ukikandamiza, upande mmoja unapata umeme wa chanya na upande wa pili umeme wa hasi. Ukiachilia, zinabadilishana. Mkandamizo ukiongezwa mara mbili, umeme nao unaongezeka mara mbili. Pierre alikuwa na miaka 21, na Jacques 24.

Sababu yake si ngumu. Ndani ya kristali atomu zimepangwa safu kwa safu, zingine na chanya, zingine na hasi. Mu kristali nyingi mpango ule uko sawasawa pande zote, na ukikandamiza, mambo yanafutana. Lakini kwarsi na wenzake mpango wao hauna katikati iliyo sawa. Ukiwasukuma, chanya zinasogea kidogo huku na hasi zinasogea kule. Mwaka uliofuata walionyesha pia kinyume chake: ukitia umeme, kristali inajinyoosha au inajikunja. Mwenye saa ya kwarsi mkononi anabeba kazi yao. Mle ndani kipande kidogo cha kwarsi kinatetemeka mara 32,768 kila sekunde, na njo kinachohesabu dakika zetu za kuchelewa ku sala ya asubuhi.

Mwaka wa 1883 Jacques alipata kazi Montpellier, mbali na Paris. Pierre alibaki peke yake. Tangu 1882 alikuwa kiongozi wa kazi za laboratwari ku shule mpya ya fizike na kemia ya mji wa Paris, na mahali pale alikaa miaka 22. Mshahara ulikuwa mdogo. Alifundisha wanafunzi, alisimamia mazoezi yao, na wanafunzi walimpenda. Mmoja wao, Paul Langevin, alikuja kuwa mtu mkubwa wa fizike.

Lakini laboratwari yake mwenyewe hakuwa nayo. Majaribio yake alikuwa anafanyia mu koridoo, katikati ya ngazi na chumba cha kutayarishia vyombo. Hapa tunataka kusimama, kwa sababu ku klasi zetu kuna ubishi usioisha. Wengine wanasema bila laboratwari hakuna fizike, ni kuandika tu vitu vya ku tablo. Wengine wanasema Curie alitumika mu koridoo, basi sisi pia tunaweza, na tuache kulia. Sisi tunaona pande zote mbili zinamdhulumu kidogo. Kweli alitumika mu koridoo, tena alifanyia pale kazi ambayo tutaeleza sasa hivi. Lakini yeye mwenyewe hakuisifu ile koridoo hata siku moja. Aliomba mahali pazuri pa kutumikia muda wote wa maisha yake, na serikali ilipotaka kumpa medali ya heshima mwaka wa 1903, aliikataa, akajulisha kwamba haoni haja ya medali, haja yake ni laboratwari.

Basi tuje ku kazi ya koridoo.

Kwanza tuseme neno juu ya hali za vitu. Maji yanaganda kuwa barafu, yanayeyuka, yanachemka kuwa mvuke. Tumezoea kusema kwamba moto njo unaamua. Lakini mkandamizo pia unaamua. Hapa kwetu, kwa sababu Lubumbashi iko juu, mita karibu 1,200 kupita bahari, hewa inakandamiza kidogo kuliko kule Matadi, na maji yanachemka karibu digrii 96, si 100. Mama zetu hawakusoma jambo hili, lakini wanajua kwamba maharagi inakula makala mingi. Na kwa sufuria ya kufungwa kabisa, ile yenye kupiga filimbi, mvuke unakandamiza, maji yanapita digrii 100 bila kuchemka, maharagi inaiva upesi. Moto na mkandamizo ni kama watu wawili wanaoshika kamba moja, kila mmoja anavuta upande wake.

Sasa, je, sumaku nayo iko na hali kama maji? Swali hilo njo Curie alilichukua.

Tangu zamani sana wahunzi na wataalamu walijua kwamba chuma kikiwa chekundu kwa moto, sumaku haikivuti tena. Mwingereza William Gilbert aliandika hayo tangu mwaka wa 1600. Kwa hiyo si Curie aliyegundua. Alichofanya yeye ni kupima, na kupima kwa uvumilivu wa ajabu. Alichukua kipande kidogo cha kitu, akakiweka ndani ya tanuru ndogo ya umeme katikati ya midomo miwili ya sumaku kubwa, akapima nguvu ya kuvutwa kwake, nguvu ndogo sana, kwa uzi mwembamba unaojisokota. Kisha akaongeza moto kidogo, akapima tena. Akaongeza, akapima. Alianza na joto la kawaida la chumba mpaka karibu digrii 1,400. Na si kitu kimoja: chuma, nikeli, jiwe la sumaku, hewa ya oksijeni, maji, bismuti, kwarsi, na vingine vingi.

Akaona kwamba vitu vyote vya dunia viko mu makundi matatu. Kundi la kwanza ni vile ambavyo sumaku inavisukuma mbali kidogo sana, sawa vile bismuti, maji, na shaba yetu. Kwa hivi, karibu vyote, moto haubadilishi kitu. Wenye kununua mitraye mu mitaa yetu wanalitumia jambo hili kila siku bila kulisoma: wanapitisha sumaku, kinachonata ni chuma, kisichonata huenda ni shaba. Kundi la pili ni vile vinavyovutwa kidogo, kama oksijeni. Kwa hivi Curie aliona sheria nzuri: joto likiongezeka mara mbili, ukilihesabu kutoka sufuri ya mwisho kabisa (digrii 273 chini ya sufuri yetu), mvuto unapungua kuwa nusu. Hiyo njo sheria ya Curie tunayoiandika ku kaye zetu. Kundi la tatu ni wakubwa wenyewe, chuma, nikeli, kobalti, wanaovutwa kwa nguvu na wanaoweza kuwa sumaku.

Na hawa wa tatu njo walimfurahisha zaidi. Chuma kinapopata moto, sumaku yake inapungua polepole, kisha inaanguka kwa haraka, na kufika karibu digrii 770 imekwisha. Kupita hapo, chuma si cha kundi la tatu tena, kimekuwa sawa na wale wadogo wa kundi la pili. Hakikuyeyuka: kuyeyuka kwake kungali mbali, digrii 1,538. Kwa macho ni chuma kile kile. Lakini ndani kimegeuka. Nikeli inageuka karibu digrii 358. Kila kitu na kiwango chake, na kiwango hicho leo kinaitwa kwa jina la Curie.

Mwenye kutaka kuona, achukue msumari, autundike kwa waya karibu na sumaku mpaka uvutwe, kisha auchome na moto mkali. Ukiwa mwekundu vizuri, utaachilia sumaku na kuanguka upande. Ukipoa, utarudi. Lakini afanye na mwalimu wa fizike, si mu dortwari. Tunasema hivi kwa sababu sisi njo tunaoulizwa kila kitu kikiungua.

Kisha Curie akafanya jambo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kupita vipimo vyote. Alitazama mistari ya sumaku aliyoichora, akakumbuka mistari mingine, ile ya mvuke na maji. Mvuke ukiukandamiza unakuwa maji kwa ghafula. Lakini ukiongeza moto, unafika mahali ambapo ghafula ile haiko tena. Kwa maji mahali hapo ni digrii 374, na mkandamizo wa mara 218 ya hewa yetu. Kupita hapo, ukandamize namna gani, huwezi kuonyesha mstari kati ya mvuke na maji. Curie akaona kwamba sumaku inafanya vile vile. Mahali pa mkandamizo weka nguvu ya sumaku ya nje, ile inayosukuma. Mahali pa uzito wa maji weka sumaku inayotokea ndani ya chuma. Mistari inafanana. Chuma chini ya digrii 770 ni kama maji yaliyoshikamana, na juu yake ni kama mvuke uliotawanyika.

Mwaka ulikuwa 1895. Elektroni yenyewe ilikuwa bado kutambulikana: J. J. Thomson aliionyesha 1897. Kwa hiyo Curie alisema kwamba ndani ya chuma kuna kitu kinachoshikamana na kutawanyika kama maji na mvuke, na alisema hivyo kabla ya mtu yeyote kujua kitu hicho ni nini.

Leo tunajua. Ni elektroni. Kila elektroni ni sumaku ndogo. Mu shaba, elektroni zinapita kama watu wa soko la Kenya siku ya Jumamosi, kila mtu na kitunga chake, na sumaku zao ndogo zinafutana mbili-mbili. Lakini mu chuma na kobalti kuna elektroni ambazo haziwezi kupita bila kutazama wenzao. Zinasukumana, zinakwepana, na njia rahisi ya kukaa pamoja ni zote kuelekea upande mmoja. Ni kwaya, si soko. Mtu mmoja wa kwaya haleti wimbo, na huwezi kuelewa kwaya kwa kumchunguza mwimbaji mmoja. Moto ni kelele. Kelele ikiwa ndogo, wimbo unaendelea na waimbaji wachache wanapotea. Kelele ikipita kiasi fulani, wote wanapotea pamoja. Wataalamu wa leo wanaziita elektroni zinazofungamana, na kazi yao kubwa ni kujua moto na mkandamizo vinazigeuza namna gani.

Kazi hii Curie aliitoa kama tezi ya udaktari mwezi wa tatu wa 1895. Alikuwa na miaka 35, na alikuwa amekawia kwa sababu hakujali vyeo. Siku ile msichana mmoja kutoka Poland alikuwa amekaa kati ya wasikilizaji. Ni Marie Skłodowska, ambaye walijuana tangu 1894. Walioana tarehe 26 ya mwezi wa saba mwaka ule ule, bila karamu kubwa, na wakaenda kutembea vijijini kwa baiskeli.

Yanayofuata mnayajua, basi tutapita upesi. Marie alipoanza kuchunguza miale ya uraniumu, alihitaji chombo cha kupima umeme mdogo sana. Chombo kilikuwako: ile kwarsi ya ndugu wawili, yenye kutoa umeme kiasi kinachojulikana ukitundika uzito kiasi kinachojulikana. Bila mawe yale ya 1880, vipimo vya 1898 vingekuwa vigumu sana. Pierre alipoona kwamba bibi yake amefika ku jambo kubwa, aliacha kristali na sumaku zake, akaingia kumsaidia. Mwaka ule wa 1898 walitangaza polonium na radiumu. Walitumika mu hangari iliyovuja mvua, wakichemsha mawe ya uraniumu kutoka Bohemia kwa matani, na 1902 Marie alikuwa na kama gramu moja ya kumi ya kloridi safi ya radiumu. Hawakuomba hati ya kuimiliki njia yao. Walieleza kila kitu kwa kila aliyeuliza.

Mwaka wa 1903, wale wa Nobel walikuwa wanafikiri kumpa zawadi Pierre pamoja na Henri Becquerel, na kumwacha Marie. Rafiki mmoja wa kule Sweden alimtonya. Pierre aliandika mara moja kwamba kazi ni ya wote wawili. Marie akaingizwa. Dada zetu wa klasi za sayansi, jambo hili tumeliandika kwa ajili yenu, na kwa ajili ya ndugu zenu wa kiume vilevile.

Radiumu haikumlipa vizuri. Mwaka wa 1901 alijifunga nayo ku mkono saa kumi, kusudi aone, na ngozi iliungua ikawa kidonda cha majuma mengi. Tokeo hilo liliwafungulia madaktari njia ya kutibu kansa. Lakini yeye na Marie walichoka ovyo, miguu ilimuuma, na watu waliita ugonjwa ule baridi ya mifupa. Mwaka wa 1904 alipata cheo cha profesa ku Sorbonne. Laboratwari ya kufaa bado hakuiona.

Tarehe 19 ya mwezi wa ine, 1906, siku ya mvua, alikuwa anavuka barabara ya Dauphine karibu na daraja la Pont Neuf. Aliteleza mbele ya gari kubwa la farasi lenye mzigo, na gurudumu la nyuma likapita juu ya kichwa chake. Alikufa pale pale, na miaka 46. Marie alibaki na mabinti wawili, Irène wa miaka 8 na Ève wa miezi 16. Mwezi wa 11 alisimama mahali pa bwana yake ku Sorbonne, mwanamke wa kwanza kufundisha pale, akaanza somo mahali hasa bwana yake alipoliachia.

Kazi ya sumaku nayo haikufa. Langevin, yule mwanafunzi, aliieleza sheria ya kundi la pili mwaka wa 1905. Pierre Weiss alieleza kundi la tatu mwaka wa 1907, na 1928 Werner Heisenberg alionyesha kwamba sababu ya kufungamana iko ndani ya elektroni zenyewe.

Na sasa tufike kwetu. Mwaka wa 1915 mawe ya uraniumu yalionekana Shinkolobwe, karibu na Likasi, na tangu 1922 yalitumwa Ubelgiji kutolewa radiumu. Ndani ya mawe yale mlikuwa moja la rangi ya machungwa lililoiva, ambalo halikujulikana bado mahali popote pa dunia. Alfred Schoep, Mbelgiji, alilieleza mwaka wa 1921, akaliita curite kwa heshima ya Pierre Curie. Kwa hiyo jina la mtu huyu liliingia mu udongo wa Katanga miaka 15 baada ya kufa kwake. Uraniumu wa Shinkolobwe ulifanya na mambo mengine, yale ya Hiroshima 1945, ambayo yanadai karatasi yake yenyewe.

Kobalti pia ni yetu. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inapita Kolwezi na Likasi. Watu wanasema juu ya betri tu. Wachache wanajua kwamba kati ya elementi zote, kobalti njo yenye kiwango cha Curie cha juu kupita zote: karibu digrii 1,120. Mahali chuma kimekwisha kupoteza wimbo zamani, kwaya ya kobalti ingali inaimba. Njo maana inatiwa mu sumaku za kutumika mahali pa moto mwingi.

Mpaka hapa tumesema moto mingi, na mkandamizo kidogo. Curie aliukandamiza umeme utoke ku kwarsi, lakini sumaku aliitia moto tu. Mikandamizo mikubwa ilikuja baadaye, kwa Percy Bridgman wa Marekani, aliyepata Nobel mwaka wa 1946 kwa kutengeneza vyombo vya kukandamiza kupita kila kilichojulikana mbele yake. Ukikandamiza hivyo, atomu zinakaribiana, elektroni zinapata njia rahisi ya kuruka kutoka hapa mpaka pale, na ule mpango wao wa kuelekea upande mmoja unaweza kuvunjika bila moto wowote.

Jaribio linalotupendeza kupita yote lilitangazwa mwaka wa 2000 na watafiti wa Cambridge na Grenoble. Walichukua kristali ya vitu viwili, uraniumu na germaniumu. Uraniumu tumekwisha kuusema. Germaniumu iko Kipushi, kilometa karibu 30 kutoka hapa tulipo: jiwe linaloitwa renierite, lenye germaniumu ndani yake, lilielezwa mara ya kwanza kutoka mgodi ule mwaka wa 1948, na ule mlima mweusi wa terril tunaouona kila siku unabeba germaniumu mpaka leo. Kristali ile inakuwa sumaku ikipoa mpaka digrii 220 chini ya sufuri, na hicho njo kiwango chake cha Curie. Watafiti wakaikandamiza, na kiwango kikaanza kushuka. Mkandamizo ulipofika kama mara 10,000 ya hewa yetu, huku baridi ikiwa karibu kabisa na sufuri ya mwisho, ile ya digrii 273 chini, umeme ulianza kupita ndani yake bila kizuizi hata kidogo, na kristali ingali sumaku. Watu wengi wa fizike walikuwa wanazani mambo hayo mawili ni maadui, kwamba sumaku ikiwako, umeme wa kupita bila kizuizi unakufa. Wakazidi kukandamiza. Kufika kama mara 16,000, kiwango cha Curie cha ile kristali kikaanguka mpaka sufuri ya mwisho, na sumaku ikaisha, na umeme ule wa bila kizuizi ukaisha pamoja nayo.